Muulize Fundi: Gari haikuja na turbo, nikiifunga itakuwaje?

Mwezi huu barua za turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ikasukuma hewa zaidi ndani ya injini, zimekuwa nyingi kweli, nimechagua tano. Majina nimeyaacha kwa sababu baadhi yenu mmetaja gereji na hizo gereji mimi sijasikia upande wao. Ya kwanza nimeijibu kirefu kuliko zote maana karibu nusu yenu mmeuliza hicho hicho, gari tu ndo zinatofautiana.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Tabata hapa Dar, nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, otomatiki, imetembea kilomita 160,000 na kitu. Nimeona mtandaoni seti nzima ya turbo wanasema inaingia kwenye 1NZ bila kukata kitu, ina turbo, manifodi, intakula, mabomba, na ile vali inayopumua, vyote dola 450. Fundi wangu wa mtaani anasema ni kazi ya siku mbili, na kontroboksi, kompyuta ya injini, hatuigusi maana busti ni ndogo tu psi 7. Ninachotaka ni nguvu ya kuyapita malori njia ya Chalinze. Nifunge? Na itadumu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa mpango huo usifunge, nakwambia mapema kabisa ili hata ukiishia hapa kusoma hiyo dola 450 ibaki mfukoni kwako. Sio kwamba 1NZ haikubali turbo. Inakubali, TRD ambao ni watu wa Toyota wenyewe waliwahi kuuza kule Japani Vitz RS yenye 1NZ ya turbo, inatoa farasi kama 150 wakati hii yako ilitoka kiwandani na 110 hivi. Ila wale waliipangia mafuta yake na moto wake wa plagi kabla haijatoka, wewe unataka kuifunga juu ya kontroboksi ile ile ambayo maisha yake yote imejua injini inavuta hewa yenyewe na basi.

Tuanze na hiyo busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inaongeza, ile psi 7 ambayo fundi wako anaiona ndogo. Hapo Dar uko karibu na usawa wa bahari, hewa yenyewe ya mtaani inakandamiza kwa psi 14.7, na injini isiyo na turbo inavuta hiyo hiyo tu. Ukiongeza 7 juu yake unapata 21.7. Gawanya mwenyewe uone, ni karibu mara moja na nusu. Maana yake kila pistoni ikishuka inajazwa hewa ya silinda moja na nusu, na hewa yote hiyo inadai petroli yake, sasa nani anaileta? Kwenye IST pampu na regyuleta yake vyote viko ndani ya tanki, hakuna bomba la kurudisha mafuta kutoka kwenye injini, kwa hiyo presha kwenye reli ya nozeli haibadiliki, iko pale pale bar 3 na kidogo. Turbo ikianza kusukuma, kule nozeli inakomwagia kuna hewa inayosukuma kurudi nyuma, so nozeli inatoa mafuta pungufu kwa muda ule ule, saa ile ile ambayo ulikuwa unataka itoe zaidi. Sensa ya hewa pale kwenye eakilina itaona hewa imeongezeka na kontroboksi itajitahidi kufidia, itaacha nozeli wazi muda mrefu zaidi, mwisho inafika mahali nozeli karibu hazifungi kabisa na hakuna tena pa kuongezea.

Hapo ndipo injini zinapofia. Kwa mwendo wa kawaida petroli inaungua vizuri kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, huo ni uwiano wa uzito. Kwenye busti unatakiwa ushuke hadi 12 au hata 11.5, yaani unatia petroli nyingi kuliko inayohitajika kuungua, kwa sababu ile ya ziada inapoza chumba. Na naomba hili ulishike, gari yenye njaa ya mafuta kwenye busti haikupi dalili ya kuumwa. Inavuta vizuri mno! Dereva anafurahi, anawaita washkaji waje waonje, na huko ndani pistoni inazidi kupata moto.

Sisi huku tukisema injini imenoki tunamaanisha imekufa, inasubiri kushushwa. Lakini noki yenyewe inaanza mapema zaidi. Ni pale mchanganyiko unapojilipukia wenyewe kwenye pembe za silinda kabla moto wa plagi haujafika huko, unasikia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la Kimbo, na kwenye turbo mara nyingi husikii kabisa maana ekzosi inapiga kelele. Inayoiita noki ni joto na mgandamizo, na 1NZ ina kompresheni (kiasi pistoni inavyobana hewa) ya 10.5 kwa 1. Angalia Toyota walivyofanya walipoitengeneza Starlet ya turbo, ile ya injini 4E-FTE, kompresheni waliishusha hadi 8 na kitu, na Subaru nyingi za turbo za miaka ile ziko huko huko 8 au 9. Hawakukosea hesabu. Walikuwa wanaachia nafasi ya busti.

Halafu joto. Hewa ikikandamizwa inachemka, yeyote aliyewahi kujaza tairi ya baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyoungua vidole. Hewa ya Dar ya nyuzi 32 ukiikandamiza kwa psi 7 kwa turbo ya kawaida inatoka na nyuzi 85, hata 90. Intakula kazi yake ni kuirudisha chini, ila hizi za kwenye seti za bei rahisi nyingi matundu yake ya ndani ni membamba, na mafundi wanazifunga mahali ambapo upepo haufiki, au mbele ya rejeta ambayo yenyewe imeshaziba vumbi la miaka 20.

Nikupe moja niliyoiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma ililetwa kwangu gari ya injini ndogo kama hii yako, imevutwa kwa kamba, turbo ina wiki sita, kontroboksi ya kiwandani, plagi za kiwandani. Tulipofungua silinda hedi pistoni namba tatu ilikuwa na tundu linaloingia kidole, kingo zake zimelainika kama mshumaa, na yule kaka alikuwa ameazima hela ya kufunga. Nilimhurumia sana maana kila kitu kilichomponza kingeonekana siku ya kwanza kama wangefunga geji moja tu ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, ile inayotumia sensa ya waidibendi. Sensa ya oksijeni iliyokuja na gari haitoshi, yenyewe inajua tu mafuta yamezidi 14.7 au yamepungua, yamezidi kiasi gani haikwambii.

So ukitaka kweli, anza upande huu mwingine. Kwanza pima kompresheni silinda zote nne, tofauti kati yao isizidi psi 15 hivi. Kama moja iko chini sana au gari inakunywa oili, hapo huna injini ya kufungia turbo, una injini ya kutengeneza. Pili mafuta, nozeli kubwa na pampu inayotosha. Tatu kontroboksi ya kutyuni, yaani ya kupangia upya mafuta na moto, iwe inayojitegemea au ile inayokaa juu ya ya kiwandani, na mtu anayejua kuitumia akutyunie kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) au barabarani huku geji ya waidibendi iko mbele yake. Plagi zishuke joto daraja moja, kwa NGK na Denso namba ikipanda ndo plagi inakuwa baridi zaidi, na nafasi yake ibanwe kutoka 1.1 hadi kama milimita 0.7 kwa sababu busti inazima cheche. Intakula ya maana mahali penye upepo. Turbo yenyewe inakuja mwisho kwenye orodha hii, na hapo mimi heri nikuone na TD04 ya mtumba iliyotoka kwenye Subaru, umeipima shafti haichezi, kuliko mpya isiyo na jina, maana hizi vitu zinazunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, na kwa spidi hiyo kama haijabalansiwa vizuri haina maisha.

Hata ukifanya vyote hivyo unabaki na konrodi za 1NZ, vyuma vinavyoshika pistoni, ambazo ni nyembamba, na giaboksi ya otomatiki ambayo hakuna aliyeijenga kwa torki ya turbo. Busti iwe chini, psi 5 au 6, na usiiongeze hata kama marafiki wanakusukuma.

Sasa nikuulize kitu kabla hujatumia hata shilingi. IST ya kilomita 160,000 bado ina farasi zake zote? Mimi nina wasiwasi haina. Fungua eakilina, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake (usitumie petroli wala brashi), angalia masega ya kwenye ekzosi (yale yanayosafisha moshi) kama yameziba, hiki ni chanzo kikubwa sana cha gari kukosa nguvu ya kupanda na watu hawakifikirii, angalia plagi na koili zake, badili oili ya giaboksi. Nimeona gari zimerudishiwa uhai hivyo hivyo tu na mwenye gari akasahau habari ya turbo. Na kama bado unataka nguvu, uza IST ununue gari iliyotoka na turbo kiwandani, ndo njia rahisi kuliko zote. Ukiamua kubadili injini, kumbuka namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, nenda TRA ikabadilishwe, na kampuni ya bima uwaambie pia, maana siku ya ajali wakikuta gari sio ile uliyowaandikishia utabaki peke yako.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni dereva wa watalii Arusha, Land Cruiser mkonga, injini ya dizeli 1HZ, tumeikata na kuirefusha, siti saba. Kupanda kutoka Mto wa Mbu natembea gia ya pili na ya tatu na moshi mweusi, wageni wanalalamika, na kutoka kwenye kreta ndo balaa. Bosi amekubali turbo. Wengine wanasema 1HZ ikifungwa turbo inapasua hedi. Ukweli ni upi?

JIBU: Kaka, barua yako nimeipenda maana wewe ndo mtu ambaye turbo iligunduliwa kwa ajili yake. Sitii chumvi. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo hili mwaka 1905, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuwa inaendelea tatizo lilikuwa ndege, zikipanda juu injini zinaishiwa hewa. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss akaibeba injini ya ndege aina ya Liberty, akaipandisha kwenye lori hadi kilele cha Pikes Peak kule Colorado, mita 4,300, akaiwasha na turbo ikampa nguvu zake za usawa wa bahari. Mlima na injini inayokosa pumzi, ndo kesi yako hii hii.

Pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300, hewa yake ina kama robo tatu tu ya mgandamizo wa Dar. 1HZ ni cc 4,164 (ukubwa wa silinda zake) lakini ni kama unaendesha ya cc 3,200 huko juu, na pampu ya dizeli ikiendelea kumwaga kama vile iko Tanga dizeli inakosa hewa ya kuungulia. Huo ndio moshi wako mweusi. Kwa hiyo turbo ya kiasi kwako itaanza kwa kurudisha kilichopotea kabla haijaongeza chochote.

Ila mafundi wa petroli wakija kwenye dizeli wanachanganya kitu kimoja na kinawagharimu wateja. Kwenye petroli nimesema mafuta yakipungua injini inachemka. Kwenye dizeli ni kinyume chake, hewa ikiwa nyingi na dizeli ile ile joto linashuka, dizeli ikiongezwa joto linapanda, kwa hiyo injini ya dizeli inauliwa na fundi anayefungua skrubu ya pampu. Atakufungulia siku ya kwanza, gari itaruka, utampongeza, halafu ukishapanda dakika ishirini umejaza wageni na mizigo joto la ekzosi liko juu ya nyuzi 700 na wewe kwenye dashibodi unaangalia geji ya maji ambayo haijasogea. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na ile iliyochanganywa ya pistoni hata haifiki hapo. Pistoni inapona kwa sababu oili na maji vinaipoza, ila ukikaa huko juu muda mrefu haiponi.

Kuhusu hedi, hao watu hawajakudanganya kabisa. 1HZ inachomea dizeli kwanza kwenye vyumba vidogo vilivyo ndani ya hedi kabla moto haujatoka kwenda kwenye pistoni, kwa hiyo hedi inabeba joto jingi kuliko injini zinazomwaga dizeli moja kwa moja kwenye pistoni, na kompresheni yake ni zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake wa turbo aliyetoka kiwandani, 1HD-T, ni cc hizo hizo 4,164 lakini anamwaga moja kwa moja na kompresheni iko 18 na kitu. Injini mbili zinazofanana kwa nje, ndani ni vitu viwili.

Mwambie bosi hivi. Kabla ya turbo anunue geji ya joto la ekzosi, tundu lake litobolewe kwenye manifodi kabla ya turbo, na wewe dereva ukubali kuiheshimu. Ikifika 650 achia mguu, shusha gia, usiilazimishe. Hiyo geji ndo itakayoamua hedi inaishi au haiishi. Busti iwe psi 7, isizidi 10. Ekzosi iwe pana, inchi 3, kutoka kwenye turbo mpaka nyuma, kwa sababu joto likikosa njia linarudi kwenye hedi. Rejeta ishushwe isuguliwe, feni klachi ipimwe, hedi gasketi kama ina historia ya kuchemsha irudiwe kwanza. Nozeli zipimwe kwenye mashine, nozeli moja inayotiririka itachoma pistoni yake peke yake hata kama nyingine tano ni nzima. Mkanda wa taimingi kama haujabadilishwa kwa kilomita 100,000 badili hapo hapo. Pampu iongezwe kidogo, kidogo kweli, na aongeze mtu mwenye jicho kwenye hiyo geji wakati anapanda mlima na mzigo, sio gereji gari imesimama.

Na oili kila kilomita 5,000, msisubiri. Kwa vumbi la Ndutu na Natron eakilina iangaliwe kila safari, kwa sababu mchanga mdogo tu ukipita unakula mapanga ya turbo kama msasa. Mkonga wenyewe hauchuji kitu, unachofanya ni kuvuta hewa ya juu tu.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini na hela ya kampuni, kama gari ni nzima na hedi haijawahi kuguswa ningefunga turbo ya psi 7 na ile geji. Kama injini imeshachoka nisingeifanyia kitu, ningetafuta 1HD.

SWALI: Boss, niko Nairobi, Altezza RS200 ya manual. Nilifungiwa turbo mwezi uliopita na gereji moja, na walityuni poa, waidibendi iko. Shida ni moshi wa bluu. Nikikwama kwa jam dakika kumi halafu niondoke nyuma yangu haionekani. Nikiwa naenda mbio Thika Road haina moshi kabisa. Gereji wanasema turbo ni mbovu ninunue ingine. Ya kwanza ilikuwa mpya, nimechoka.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na tafadhali usinunue turbo ya pili kabla hujasoma hii. Moshi unaokuja baada ya kusimama na kupotea ukienda mbio mara nyingi sana turbo haina kosa, oili inashindwa kutoka. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha ya pampu kupitia kibomba chembamba, inalainisha shafti, ikitoka pale chini haina presha tena, imechanganyika na hewa kama povu la sabuni na kinachoishusha hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni uzito wake tu. Hakuna pampu ya kuivuta. Kwa hiyo bomba la kurudi liwe nene, ndani yake angalau nusu inchi na zaidi ni bora, lishuke moja kwa moja bila kupinda juu wala kulala, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Nimeona waliotoboa chini kabisa ya sampu kwa sababu ndo palikuwa rahisi kufikia, oili inakuta oili, inarudi juu, shafti inaogelea, na sili za turbo hazijatengenezwa kuzuia oili iliyojaa, zinategemea chumba kiwe kinakauka muda wote. Ikijaa inavuja kwenda ekzosi. Ukiwa mbio shinikizo la ekzosi na la hewa linairudisha ndani, ukiwa kwa jam hakuna kinachoirudisha.

Pale pale chini ya gari ukiangalia hilo bomba, angalia na vitu viwili vingine. Turbo yako kama ni ya beringi za gololi inahitaji kizuizi chenye tundu dogo kwenye bomba la kuingizia, beringi hizo hazitaki oili nyingi. Na ile vali ya upumuaji wa injini, ile inayovuta mvuke wa oili kwenda kwenye manifodi, ikibaki kama ya kiwandani busti inaweza kupita humo ikajaza presha ndani ya injini, na injini ikiwa na presha ndani oili ya turbo haiwezi kushuka hata bomba likiwa zuri. Weka vali ya njia moja pale, na kopo la kukusanya oili lenye bomba pana.

Rudi kwa hiyo gereji kwa heshima, waombe wainue gari muangalie pamoja. Kama bomba limelala wakiliweka sawa moshi utaisha, upe kama siku mbili tatu maana ekzosi yote imelowa oili na lazima iungue kwanza. Ukishatoa bomba la hewa ukashika shafti inacheza juu na chini hadi panga zinagusa ukuta, hapo sawa, turbo imekufa kweli, ila hata hivyo ukifunga mpya bila kurekebisha bomba itakufa hivyo hivyo. Na nikukumbushe injini ya Altezza yako, 3S-GE, ina kompresheni zaidi ya 11 kwa 1, kuliko hata ile IST ya hapo juu, so huyo aliyekutyunia usimuache, na busti usiiguse.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mimi dada wa Mombasa, Forester ya turbo ya kiwandani, ndugu yangu amenifungia ile vali inayotoa sauti pshhh nje. Tangu siku hiyo nikiachia mafuta kwenye taa gari inazimika, na inanuka petroli. Kuna uhusiano?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Uhusiano upo. Forester yako inapima hewa pale kwenye eakilina, ikishaipima imeshaihesabia petroli. Vali ya kiwandani ukiachia mafuta inairudisha ile hewa kwenye bomba kabla ya turbo, haipotei. Hii ya sauti inaitupa nje, kontroboksi haijui, inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena, ndo harufu na ndo kuzimika, na ukiendelea hivyo utaharibu masega. Mwambie ndugu yako airudishe ile ya zamani. Kama ameitupa, atafute yoyote inayorudisha hewa ndani, na mipira yake ibanwe klipu mpya.

SWALI: Fundi, nimenunua gari ya turbo, jirani ananiambia nikifika nyumbani niache inaunguruma dakika tano ndo nizime la sivyo turbo inakufa. Ni kweli au ni imani za mtaani? Natoka Morogoro kuja Dar kila wiki.

JIBU: Ni kweli ila dakika tano ni nyingi. Ukiwa umeibana gari turbo upande wa ekzosi inaweza kuwa imewaka nyekundu, ukizima ghafla pampu ya oili inasimama, oili iliyobaki kwenye shafti inaungua na kuwa masizi magumu kama yale ya chini ya sufuria ya ugali, na kidogo kidogo yanaziba kile kitundu cha oili. Turbo zenye njia ya maji zinajisaidia, maji yanaendelea kuzunguka yenyewe kwa joto hata ukizima. Zisizo nayo hazina msaada huo.

Kinachofaa ni kuendesha taratibu kilomita mbili za mwisho bila kukanyaga, halafu dakika moja ya kuunguruma inatosha. Wewe unaingilia Kimara na foleni yake, ukifika nyumbani turbo imeshapoa zamani, zima tu uingie ndani. Pa kuwa makini ni ukiwa umetoka mbio ukasimama ghafla kituo cha mafuta Chalinze, pale ndo uiache kidogo kabla ya kuzima, kaa pembeni mbali na pampu, hesabu dakika mbili, ndo uingie kwenye foleni ya kujaza na uzime. Na asubuhi usiikanyage mpaka injini ipate joto, oili ya baridi ni nzito na inachelewa kufika juu. Tumia oili ya sinthetiki, bei yake ni kubwa kidogo lakini inavumilia hilo joto, na uibadili kila kilomita 5,000 hata kama kopo limeandikwa 10,000.